Magitaa Matatu ya Kwaya Yetu: Historia ya Waliochelewa Kujifunza



Kamati ya jubilei ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, wengine walipewa historia ya kigango, wengine orodha ya viongozi waliotutangulia, na sisi tukapewa magitaa. Tunadhani ni kwa sababu watu wote wa Mwakirunge wanaokaa karibu na kanisa wameshatusikia tukifanya mazoezi, na wapo waliotuomba kwa upole tufunge madirisha.

"Sisi" tunaosema hapa ni wanakwaya saba tulioanza kujifunza gitaa miaka sita iliyopita, wakati kwaya ilipokuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wetu alikuwa na miaka 47, mkubwa 68. Tulikuwa wanawake wanne na wanaume watatu. Hakuna aliyewahi kupiga gitaa isipokuwa mmoja, na habari zake tutazifikia.

Chanzo ni mkesha wa Noeli. Stima ilipotea tukiwa katikati ya Utukufu, na kinanda kikanyamaza. Tuliendelea kuimba, maana kwaya ambayo haiwezi kuimba bila kinanda haistahili kuitwa kwaya, lakini kila sauti ilishika njia yake. Tenor walipanda, besi wakashuka, na tulipofika Amina tulikuwa mbali sana na pale tulipoanzia. Mgeni mmoja wa benchi la mbele alicheka waziwazi. Kinanda chenyewe kilikuwa cha kuazima, na kijana wetu aliyekipiga alikuwa na tiketi ya kwenda kazini Qatar mwezi wa Januari. Katika mkutano baada ya Noeli tulijadili namna ya kumlipa mpiga kinanda kutoka mjini, nauli na chakula juu. Tulipopiga hesabu tukaona fedha za kwaya haziwezi kufika hata Pasaka. Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili akauliza, "Kwani gitaa linataka stima?"

Pakawa kimya. Vijana waliozaliwa juzi hawatakielewa kimya kile, kwa hiyo itabidi turudi nyuma.

Kanisa limekuwa na maoni makali kuhusu ala za muziki tangu zamani. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wetu sisi waimbaji, Papa Pio wa Kumi alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu. Piano ilikatazwa kanisani. Ngoma, matoazi na ala nyingine za kelele zilikatazwa pia. Tena wanawake hawakuruhusiwa kuwa katika kwaya ya liturujia. Msomaji na ahesabu mwenyewe: kwa kanuni ile, kwaya hii inayoadhimisha miaka 25 leo ingebaki na wanaume kumi na mmoja, bila kayamba.

Mambo yalilegezwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Konstitusio ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 iliacha kinanda cha mabomba katika heshima yake, lakini ikaruhusu ala nyingine kwa idhini ya wenye mamlaka wa mahali, mradi zifae kwa ibada. Maelekezo ya mwaka 1967 yalitaka utamaduni wa kila taifa uzingatiwe, ila yakaongeza kwamba ala ambazo kwa maoni na mazoea ya watu ni za muziki wa kidunia tu zisiingie kabisa. Hapo ndipo jambo lote liliponing'inia: maoni ya watu. Ngoma zikaingia, kayamba la Wamijikenda likaingia, na leo hatuwezi kufikiria maandamano ya vipaji bila hayo. Gitaa lilibaki mlangoni. Roma haikulitaja kwa jina. Lakini watu wetu walijua lililala wapi Jumamosi usiku.

Na lilikuwa limelala wapi? Huku Kisauni muziki wa kanisa ulikuja na kengele na kinanda. Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru, yalianzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870, na kengele yake bado tunapita karibu nayo pale Kengeleni tukienda mjini. Gitaa lilikuja kwa njia nyingine, kwa bandari, kwa reli, na kwa askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili. Mmoja wao alikuwa mtu wa Pwani, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924. Alikwenda na jeshi hadi Asia, kazi yake ikiwa kuwatumbuiza askari wenzake, na aliporudi akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Wazee wetu waliimba "Tausi" yake bila kufikiria kwamba aliyeitunga ni mtu wa kwao. Fadhili William kutoka Taita akarekodi "Malaika", na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga wimbo ule. Kutoka Katanga zikaja sahani za Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikicheza kwenye nyembamba, utadhani wanapiga watu wawili. Baadaye zikaja hoteli za watalii. Them Mushrooms walianza mwaka 1972 hapa Mombasa, na "Jambo Bwana" yao ya mwaka 1982 tumeisikia sana. Baadhi yetu tuliisikia tukiwa tunafua mashuka ya hoteli za Bamburi na Shanzu, mara mbili kwa usiku, kila usiku.

Kwa hiyo mtoto wa Mwakirunge wa miaka ya 1970 alilijua gitaa kama kitu cha baa, cha hoteli na cha wanaume. Aliyetaka kulipiga ilimbidi aende huko.

Mwenzetu wa besi alikwenda. Huyu ndiye yule mmoja tuliyemtaja. Akiwa kijana alitengeneza gitaa la debe la mafuta, nyuzi zikiwa waya za breki za baiskeli, na baadaye akanunua gitaa la kweli kwa mshahara wa kuponda kokoto. Siku za mwisho wa juma alipiga kwenye baa ng'ambo ya Mtwapa. Kanisa alilosali wakati huo, ambalo si hili, lilimwambia achague. Alichagua kuimba. Gitaa akaliuza kwa mtu wa Malindi na hakushika jingine kwa miaka arobaini na moja. Alituambia habari hiyo siku ya mkutano ule, kwa mara ya kwanza, na tulikuwa tumeimba naye miaka kumi na tisa.

Mama aliyeuliza swali alikuwa na yake. Nyumbani kwao gitaa lilitundikwa msumarini, la kaka zake wawili. Yeye aliambiwa mwanamke hashiki gitaa, basi. Alilipangusa vumbi kila Jumamosi kwa miaka tisa mpaka alipoolewa, na anasema hakuwahi kugusa uzi hata mmoja. "Nilikuwa napangusa nikizunguka nyuzi, kama mtu anayepangusa jiko la moto," alisema.

Tunayaandika haya kwa sababu watu wanatusifu kwa jambo ambalo si lenyewe. Wanasema, hongereni, mmejifunza uzeeni, akili zenu bado zinafanya kazi. Akili zetu zilikuwa zinafanya kazi hata tulipokuwa na miaka kumi na tano. Gitaa ndilo lililochelewa kutufikia.

Katika mkutano ule hoja ya uchafu wa gitaa ilitolewa, na ilitolewa kwa nguvu. Katekista ndiye aliyeijibu. Alitukumbusha kwamba wimbo wa Noeli unaopendwa kuliko zote, ule wa usiku mtakatifu, uliimbwa kwa mara ya kwanza kwa gitaa, katika kanisa la Mtakatifu Nikolai kule Oberndorf, Austria, mkesha wa Noeli wa mwaka 1818. Padre Joseph Mohr ndiye aliyeandika maneno, mwalimu Franz Xaver Gruber akatunga sauti. Husimuliwa kwamba kinanda cha kanisa kilikuwa kimeharibika, ingawa habari hiyo haina ushahidi. Kwetu sisi, ambao kinanda chetu kilizimika mkesha uleule, ilitosha. Paroko alipoulizwa alisema tu, "Mjifunze vizuri."

Magitaa tuliyapata hivi. La kwanza tulilinunua mjini, la mitumba, kwa mahamri na chai tulivyouza baada ya misa kwa miezi minne. La pili lilitoka jaani. Ukimtajia mtu wa mjini jina la Mwakirunge, anachojua ni jaa la taka, hasa tangu lile la Kibarani lifungwe na malori yote yakageukia huku. Sawa. Jaa hilo lilitupa gitaa. Kijana anayeokota plastiki alilileta likiwa na shingo iliyovunjika, seremala wetu akaligandisha na kulifunga kamba kwa wiki mbili. Lina sauti nzito kidogo, lakini halidanganyi. La tatu tutalitaja baadaye.

Mwalimu alikuwa mjukuu wa mmoja wetu, miaka kumi na tisa, na ametuomba tusimtaje. Kumfundisha mtu uliyezoea kumwamkia ni kazi. Alikuwa anaanza kila somo kwa kutuzungukia mmoja mmoja na shikamoo, halafu anaketi na kuanza kutukosoa. "Nyanya, kidole hiki kimelala." "Babu, naomba urudie." Wiki za mwanzo hatukupenda kurudia. Mtu ambaye ameongoza jumuiya, ameoza mabinti na kuzika wazazi, anaambiwa na kijana arudie kitu kidogo cha mkono wa kushoto, na anarudia, na kinaharibika palepale kilipoharibika mwanzo. Mmoja wetu aliacha kwa mwezi mzima, akarudi bila kueleza kitu.

Vidole vilituuma kweli. Sisi ni watu wa jembe, mbuzi ya kukunia nazi na beseni la nguo, na sugu tunazo tele, lakini ziko kiganjani. Gitaa linazitaka kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Tulitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota upya. Baada ya kama wiki sita ngozi ikakubali. Ushauri wetu kwa anayeanza: robo saa kila siku inafaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu ngozi iliyopumzika wiki nzima husahau. Tena nyuzi za nailoni ni rafiki zaidi kwa vidole vizee kuliko za chuma. Hilo tulilijua baada ya kuumia.

Kitu kimoja kilitusaidia ambacho vijana wengi hawana. Sisi tumelelewa kwa sol-fa. Mwalimu alipotaka kutufundisha kulinganisha nyuzi kwa herufi za Kizungu, tulipotea. Mzee wa besi akazisikiliza zote sita kutoka nene hadi nyembamba, akaimba: la, re, so, do, mi, la. Alikuwa sahihi, ukiufanya uzi wa nne kuwa do. Tangu siku hiyo hatujawahi kuazima simu ya mtu kulinganisha gitaa. Tunaimba nyuzi, na isiyokubaliana na koo tunaikaza au kuilegeza. Miaka ishirini ya kuimba haikupotea bure, ilikuwa imejificha sikioni.

Halafu zikaja kodi. (Hizi si za kaunti, ingawa nazo tulizilipa kwa shida.) Kodi ni nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, na nyimbo nyingi tunazoimba zinakwenda kwa tatu tu, ya do, ya fa na ya so. Kuzishika si kugumu. Kazi ni kuhama kutoka moja hadi nyingine bila wimbo kusubiri. Kwa miezi mingi wimbo wetu ulikuwa kama matatu ya Kisauni, unasimama kila mahali. Mwalimu alitushauri tuache kutazama mkono na tuimbe. Ajabu, tulipoimba mkono ulihama kwa wakati, kwa sababu sauti zetu hazijui kusimama katikati ya mstari.

Kodi ile inayotaka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote sita imetushinda wengi. Tunatumia kapo, kibano kinachofungwa shingoni mwa gitaa kupandisha sauti, na tunazishika kodi zetu zilezile tatu popote wimbo ulipo. Mwanamuziki wa kweli atatucheka. Tumeshazoea.

Mwalimu wetu alituletea habari za watu wengine waliochelewa. Profesa mmoja wa saikolojia wa New York, Gary Marcus, alianza gitaa akikaribia miaka 40 na akaandika kitabu kuhusu safari hiyo mwaka 2012. Tulimwonea wivu. Miaka 40 kwetu ni kijana wa kubeba viti. Aliyetugusa zaidi ni Elizabeth Cotten, mama Mmarekani Mweusi aliyezaliwa North Carolina katika miaka ya 1890. Alikuwa mtumia shoto, akajifundisha mwenyewe kwa gitaa la mtu wa mkono wa kulia, kwa hiyo nyuzi nene zilikuwa chini na dole gumba ndilo lililopiga wimbo. Alipojiunga na kanisa akiwa msichana, aliambiwa aache nyimbo za kidunia, na hatimaye gitaa akaliweka chini kwa miongo kadhaa. Akawa mfanyakazi wa nyumbani Washington, kwa familia ya akina Seeger, wanamuziki. Kule kulikuwa na gitaa ukutani. Siku moja alilishusha. Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, akiwa amevuka miaka 60, na mwaka 1985 alipewa tuzo ya Grammy akiwa na miaka 90 hivi. Mama wa sauti ya pili aliposikia habari ya gitaa la ukutani aliomba kijana aisimulie tena tangu mwanzo.

Sisi saba hatukufika sote. Mmoja alihamia kwa mwanawe Voi. Mwingine alishikwa na baridi yabisi ya vidole na hakuweza tena kubana nyuzi. Yeye sasa anashika mdundo kwa chupa ya Fanta na kijiti cha chuma, namna walivyofanya wapiga magitaa wa Magharibi enzi za George Mukabi, na tukisema kweli wimbo haukai sawa siku asipokuja.

Na mzee wa besi ametutoka. Vidole vyake vilikuwa na historia yao: mkono wa kulia ulikumbuka kila kitu siku ya kwanza, dole gumba na kidole cha shahada kama vile hakuuza gitaa kamwe, lakini wa kushoto ulikuwa umesahau kabisa. Alicheka mwenyewe. Alisema mkono mmoja ulimtii padre na mwingine ulikataa. Kwa miaka mitano alipiga misa za Jumapili, na gitaa alilopiga alilinunua mwenyewe kwa fedha ya mbuzi wawili. Alilala masika yaliyopita. Familia ilituomba tuimbe kaburini, na watoto wake wakataka gitaa. Baadhi ya wazee wa mtaa walinong'ona kwamba gitaa makaburini halijawahi kuonekana Mwakirunge. Ni kweli, halikuwa limeonekana. Mama wa sauti ya pili alilichukua lile la marehemu. Alitetemeka hata kapo ikamwanguka mchangani, mjukuu mmoja akamwokotea. Wimbo ulikuwa wa kodi tatu, maana ndizo tulizokuwa nazo. Uliposimama kati ya ubeti wa pili na wa tatu, kwa sababu kidole kilikosea njia, besi walishika noti na kumsubiri mpaka alipofika. Hakuna aliyecheka.

Siku ya arobaini familia ilileta gitaa lile kanisani likiwa limefungwa kwa leso. Ndilo la tatu.

Leo, katika misa ya jubilei, magitaa yote matatu yatapigwa wakati wa vipaji. La marehemu litakuwa mkononi mwa mama yuleyule, la jaani litapigwa na mwenyekiti wetu, na la mitumba na msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye alianza kutusikilizia dirishani na sasa anaishika ile kodi ya kidole kimoja kuliko sisi sote. Anayetaka kujiunga aje Jumamosi saa tisa alasiri chini ya mwembe, awe na umri wowote. Nyuzi za akiba zimo kwenye kopo la Kasuku, sakristia, juu ya kabati. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, umekwisha tena; atakayepita mjini atuletee miwili.